Jinsi ya Kumnyima Mtaji Bila Kumwambia Hapana

Fundi wangu wa nguo ana karakana Majengo, Mombasa, yenye cherehani sita za kushonea sare za shule. Ukimpelekea koti lililofumuka, halitazami kwa nje. Huligeuza kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya mishono yote, polepole, kama anayesoma. "Mwanangu," huniambia, "nguo hudanganya kwa nje. Kwa ndani haiwezi."

Mwongozo huu nimeugeuza vivyo hivyo. Vichwa vyake vimeandikwa kana kwamba wewe msomaji umeshika kisanduku cha fedha na unataka zisimfikie mwanamke wala mtu mweusi, tena bila kuvunja sheria na bila kumkosea mtu adabu. Najua huna nia hiyo. Wengi wenye fedha hawana. Hata hivyo fedha hazifiki, na zisipofika miaka nenda miaka rudi, kuna mshono mahali fulani unaozishika. Kejeli iko kwenye vichwa peke yake. Chini ya kila kichwa nasema ninachokiamini, na mwishoni naonyesha pa kufumua.

Hatua ya kwanza: Dai hati ya ardhi

Hapa hutahitaji hata kukunja uso. Muulize anayetaka mkopo ana dhamana gani, kisha uamue kuwa dhamana ni kitu kimoja tu: ardhi yenye hati.

Fundi alipotaka kuongeza cherehani nyingine sita, alikwenda benki na oda za shule nne kwa maandishi, daftari la miaka tisa alilolijaza kila jioni, na risiti za mashine alizokwisha kuzilipia. Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye heshima. Alimwita mama, akamvutia kiti, akamwomba hati. Nyumba anayoishi Fundi imeandikwa jina la marehemu baba mkwe wake. Mumewe alipofariki, mashemeji hawakumtoa, na jambo hilo hulishukuru mpaka leo, lakini jina kwenye hati halikubadilika. Mazungumzo yalikwisha kabla chai haijapoa. Daftari halikufunguliwa.

Shirika la Kenya Land Alliance lilichambua takribani hati milioni 1 za ardhi zilizotolewa Kenya kati ya 2013 na 2017. Wanawake walikuwa wamepata kama asilimia 10 ya hati hizo, na ukipima kwa ukubwa wa ardhi, fungu lao halikufika asilimia 2. Kwa hiyo kanuni ya "leta hati" haimtaji mwanamke popote, ila imemchuja kabla hajavuka kizingiti. Marekani nao walikuwa na mshono wa namna hiyo. Mpaka 1988, katika baadhi ya majimbo, mwanamke aliyeomba mkopo wa biashara aliweza kutakiwa alete ndugu wa kiume aweke saini. Ilibidi Bunge la nchi lipitishe sheria ndipo saini hiyo ikaondoka. Mwanamke aliyekuwa na miaka 30 wakati huo leo huenda bado yu hai, na pengine bado anafanya biashara.

Fumua hapa. Kenya ina sheria ya 2017 inayoruhusu mali inayohamishika iwe dhamana: mashine, bidhaa zilizoko stoo, mifugo, hata fedha unazowadai wateja. Kuna sajili ya kuziandikisha. Ukiwa mwenye benki, wafundishe maafisa wako kuthamini cherehani kama walivyofundishwa kuthamini kiwanja. Ukiwa mwombaji, andika orodha ya mashine na madai yako, uende nayo, na uitaje sheria hiyo pamoja na mwaka wake.

Hatua ya pili: Mwambie aletwe na mtu unayemjua

Wawekezaji wa kampuni changa kule Nairobi hawana haja ya hati. Wao huuliza: umetumwa na nani? Barua pepe ya mgeni hukaa bila kufunguliwa. Ya rafiki wa mwanafunzi mwenzako wa zamani hujibiwa kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2020 mwanahabari Mkenya Larry Madowo aliandika katika gazeti la Guardian juu ya kampuni changa zilizopata zaidi ya dola milioni 1 mwaka uliotangulia. Alitumia uchambuzi wa kampuni ya Viktoria Ventures ya Nairobi. Nigeria na Afrika Kusini, zaidi ya nusu ya kampuni hizo ziliongozwa na wenyeji. Kenya, ni asilimia 6 tu. Miaka mitatu kabla yake, shirika la Village Capital lilikuwa limechunguza fedha zilizokwenda kwa kampuni changa za huduma za kifedha Afrika Mashariki mwaka 2015 na 2016, likakuta asilimia 90 zilifika kwa kampuni zenye mwanzilishi mmoja au zaidi kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini.

Takwimu hizi hazina maana kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akasema hatutaki Waafrika. Fuata njia ya fedha utaelewa. Nyingi hutoka kwa wakfu, taasisi na familia tajiri za Marekani na Ulaya. Wanaozisimamia walisoma katika vyuo vilevile na walioanzisha kampuni. Fedha za mwanzo kabisa, zile za kujaribia wazo, hutarajiwa kutoka kwa jamaa na marafiki, na kijana ambaye mjomba wake anaweza kutoa dola 20,000 bila kuuza shamba huweza kukaa mwaka mzima akijaribu. Kisha kampuni husajiliwa katika jimbo la Delaware, Marekani, kwa kuwa mawakili wa mwekezaji wamezizoea karatasi za huko. Rangi ya ngozi haikutajwa hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ilikuwepo kwenye kila hatua, imevaa nguo ya kujuana.

Sina ugomvi na mgeni aliyekuja kujenga kitu chenye manufaa. Ninamlilia yule ambaye hakuonwa. Msichana aliyekulia Kibera anajua taa ya koroboi hunywa mafuta ya shilingi ngapi kwa juma, nani katika mtaa hulipa deni lake na nani huhama usiku. Mgeni hulipwa ili aje kuyajifunza hayo. Yeye anayajua tangu utotoni, na ujuzi huo haukuhesabiwa kuwa mtaji.

Fumua hapa. Tangaza mlango. Weka fomu iliyo wazi, tarehe ya mwisho inayojulikana, na jibu kwa kila aliyeomba. Village Capital wenyewe wamekuwa wakiwapa waanzilishi walio pamoja katika mafunzo yao nafasi ya kupimana na kuamua nani apewe fedha, badala ya kumwachia mwekezaji peke yake. Na kila mwaka chapisha hesabu yako: ni wanawake wangapi, wenyeji wangapi, shilingi ngapi. Usiyoyahesabu utayasahau kwa moyo mweupe kabisa.

Hatua ya tatu: Mwulize swali lingine

Hatua hii inaniuma, maana nimeitenda kwa mkono wangu.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la majaji wa shindano la biashara changa jijini Nairobi. Asubuhi alikuja kijana wa kiume mwenye wazo la kusafirisha maziwa. Nilimwuliza: ukipata fedha hizi, utafika kaunti ngapi? Mchana alikuja binti mwenye wazo la kukausha maembe. Nikamwuliza: mvua zikikosekana, utawalipaje wakulima? Kijana alizungumzia kaunti kumi na mbili. Binti alizungumzia ukame. Tulipokaa kutoa alama, mwenzangu mmoja alisema yule kijana ana maono, huyu binti anaonekana ana hofu. Hofu hiyo niliiweka mimi kinywani mwake.

Baadaye nilisoma utafiti wa mwanazuoni Dana Kanze na wenzake, uliochapishwa 2018. Walisikiliza kanda za mashindano ya kampuni changa ya TechCrunch Disrupt jijini New York, wakayapanga maswali kwa aina. Kama theluthi mbili ya maswali waliyoulizwa wanaume yalihusu kushinda: utakua vipi, utawapata wateja wangapi. Kama theluthi mbili ya waliyoulizwa wanawake yalihusu kutoshindwa: utajilinda vipi, utawazuiaje wateja wasikukimbie. Waliojibu maswali ya kushinda walikuja kupata fedha takribani mara 7 ya waliojibu yale mengine. Wawekezaji wanawake waliuliza kwa upendeleo uleule wa wenzao wanaume. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya.

Utafiti huo una habari njema pia. Aliyeulizwa swali la hofu akalijibu kwa lugha ya kukua alipata fedha nyingi zaidi kuliko aliyejibu hofu kwa hofu. Ukiulizwa mvua zikikosekana utafanyaje, jibu kwamba ndiyo sababu unakausha maembe: mwaka wa njaa ndio mwaka utakaouza kuliko miaka yote. Ni jibu zuri. Lakini si haki kumwachia binti kazi ya kurekebisha swali langu.

Fumua hapa. Andika maswali kabla hujamwona mtu yeyote. Nusu yawe ya kukua, nusu yawe ya hatari. Kila mmoja aulizwe yaleyale, kwa mpangilio uleule, na majibu yapewe alama kabla majaji hawajazungumza wao kwa wao.

Hatua ya nne: Chagua maneno vizuri wakiwa wametoka

Mwombaji akishafunga mlango, huanza kikao cha pili. Hapo ndipo hukumu hutolewa, na sifa moja hugeuka kuwa kosa kwa mtu mwingine.

Malin Malmström na wenzake, watafiti wa Uswidi, waliruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya wasimamizi wa fedha za serikali wakiwajadili waombaji. Mwanamume kijana alielezwa kuwa ni kijana mwenye kutumainiwa. Mwanamke kijana alielezwa kuwa ni kijana, ila hana uzoefu. Mwanamume mwangalifu alisifiwa kwa busara, na mwanamke mwangalifu akaambiwa hathubutu. Mwishowe wanawake walipewa wastani wa robo ya kiasi walichoomba, wanaume kama nusu. Hiyo ni Uswidi, nchi inayotajwa kila siku kuwa mfano wa usawa, na ni fedha za umma, si za tajiri mmoja mwenye mapenzi yake.

Wakati mwingine hata maneno hayahitajiki, sauti inatosha. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks na wenzake walichapisha jaribio ambamo maelezo ya biashara yaleyale, neno kwa neno, yalisomwa pengine kwa sauti ya mwanamume na pengine kwa sauti ya mwanamke. Asilimia 68 ya waliosikiliza walichagua kuwekeza kwenye biashara iliyosomwa na mwanamume.

Penelope Gazin na Kate Dwyer wa Los Angeles waliligundua hilo bila maabara. Walipoanzisha Witchsy, soko la mtandaoni la kazi za wasanii, mafundi wa kompyuta na wabunifu waliwajibu kwa kuchelewa na kwa ukali. Basi wakamzulia mshirika wa tatu, wakamwita Keith Mann, na barua zikaanza kutoka kwake. Keith alijibiwa upesi. Aliitwa kwa jina lake, akaulizwa kama anahitaji msaada mwingine. Mtu asiyekuwepo aliheshimiwa kuliko wanawake wawili waliokuwepo. Watu wengi walicheka habari hiyo ilipotoka 2017. Mimi nilimkumbuka Fundi, ambaye akitaka vitambaa vya jumla kwa haraka humpa mwanawe wa kiume wa miaka kumi na tisa simu, ili azungumze yeye.

Fumua hapa. Mtu mmoja kikaoni aandike maneno yanayotumika, si uamuzi tu. Kabla ya kukata shauri, msome orodha hiyo huku mkibadilisha jina: je, sentensi hii tungeisema kwa mwombaji yule mwingine? Ikiwa hapana, ifutwe, na alama zitolewe upya.

Hatua ya tano: Ahidi kwa sauti, toa kwa kunong'ona

Baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis mwezi Mei 2020, kampuni na mifuko mingi ya Marekani ilitoa ahadi kwa watu weusi. Kwa muda kulikuwa na mwendo. Kwa hesabu za hifadhidata ya Crunchbase, kampuni changa za Marekani zilizoanzishwa na watu weusi zilipata zaidi kidogo ya asilimia 1 ya mtaji wote mwaka 2021. Hicho ndicho kilikuwa kilele, katika nchi ambayo watu weusi ni takribani asilimia 13. Kufikia 2023 fungu hilo lilikuwa limeshuka chini ya nusu ya asilimia 1. Kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao nazo huzunguka kwenye asilimia 2 kila mwaka, nchini humohumo.

Uongozi umeshonwa kwa uzi huohuo. Orodha ya jarida la Fortune ya kampuni 500 kubwa za Marekani ilianza 1955. Ilichukua mpaka 2009 kwa mwanamke mweusi kuongoza mojawapo, Ursula Burns alipokabidhiwa Xerox. Mama yake alikuwa mhamiaji kutoka Panama aliyelea watoto katika nyumba za serikali jijini New York. Burns alikuwa mhandisi wa mitambo, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1980 akiwa mwanagenzi, na alipanda kupitia kazi ya mitambo yenyewe na bidhaa. Hilo lina uzito. Wanawake wanaokaribishwa kwenye meza kuu mara nyingi hupewa idara ya wafanyakazi au ya mawasiliano, kazi muhimu lakini zisizoshika faida na hasara, na wakurugenzi wakuu huchaguliwa kutoka kwa walioshika faida na hasara. Ukimweka mtu kwenye picha ya ripoti ya mwaka na kumnyima idara yenye hesabu, umemjengea ngazi yenye vipago vitatu.

Fumua hapa. Ahadi iwe na tarakimu, tarehe na jina la mtu atakayeulizwa. Anayekupa mkono wa pongezi mbele ya kamera, mwombe akutajie idara, bajeti na mamlaka ya kutia saini hundi.

Hatua ya sita: Mpe zabuni, chelewesha malipo

Kenya ilifanya jambo la maana 2013 ilipoanza kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Naitetea kanuni hiyo popote nilipo. Lakini nguo nzuri inaweza kuharibiwa na kifungo.

Kifungo cha kwanza ni jina la kukopa. Mwanamume husajili kampuni kwa jina la mkewe au la dada yake, zabuni hutolewa, mama huyo huitwa mara moja kuweka saini na haitwi tena. Kifungo cha pili ni kusubiri. Fundi alishinda zabuni ya sare kwa ofisi moja ya umma. Alinunua vitambaa kwa mkopo, akashona, akapeleka kabla ya tarehe. Malipo yalikuja baada ya miezi kumi na minne. Katikati ya muda huo aliwalipa wasichana watano mishahara kwa fedha za mkopeshaji wa mtaani, ambaye riba yake huhesabiwa kwa juma. Hundi ilipofika, faida ilikuwa imeshakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kushika sindano.

Kampuni kubwa ikicheleweshewa malipo, inanung'unika. Biashara ndogo ikicheleweshewa, inakufa, na nyingi za wanawake ni ndogo kwa sababu ya hatua zote tano nilizozitaja juu. Kila mara Wakenya wanaposoma habari za malimbikizo ya madeni ya serikali na kaunti, mabilioni kwa mabilioni, nawaomba wakumbuke kuwa ndani ya mabilioni hayo mna mishahara ya wasichana watano wa Majengo.

Fumua hapa. Mlipe mdogo kwanza. Ofisi yoyote inayotangaza imetoa zabuni ngapi kwa wanawake itangaze pia ililipa baada ya siku ngapi.

Hatua ya saba: Akijijengea mlango wake, mpeleke mahakamani

Hatua hii ni ya karibuni. Mwaka 2019 wanawake weusi jijini Atlanta walianzisha Fearless Fund, mfuko wa kuwekeza katika biashara za wanawake wenye asili isiyo ya kizungu. Pamoja na uwekezaji, walikuwa na shindano la ruzuku ya dola 20,000 kwa biashara ndogo za wanawake weusi. Mwezi Agosti 2023 kundi linaloongozwa na Edward Blum liliwashtaki. Blum ni mtu yuleyule aliyeongoza kesi iliyofunga, mwaka huohuo, njia ya vyuo vya Marekani kuzingatia rangi katika kuwapokea wanafunzi.

Angalia sheria iliyotumika: ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866. Ilitungwa mwaka uliofuata ule wa kukomeshwa kwa utumwa, ili waliokuwa wakiuzwa kama bidhaa waweze kufunga mikataba kwa haki ileile ya mzungu. Juni 2024 mahakama ya rufaa, majaji wawili dhidi ya mmoja, iliizuia ruzuku hiyo ikisema kwamba huenda inakiuka sheria hiyohiyo. Septemba pande mbili zilikubaliana, na shindano likafungwa.

Nimeisoma hoja ya walioshtaki, na nitaieleza kwa haki: sheria isiyoangalia rangi imwangalie kila mtu sawa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kwangu kama hatua ya kwanza hadi ya sita zingekuwa zimefumuliwa. Mpaka sasa, asilimia 99 na ushei ya mtaji wa kampuni changa za Marekani hupita mahali pengine, bila kesi. Kisima kikubwa hakikuulizwa kitu. Kikombe ndicho kilichoshtakiwa.

Fumua hapa. Yafanye mageuzi kwenye kisima. Fomu ya wazi, maswali yaliyoandikwa, malipo kwa wakati na hesabu iliyochapishwa havimtengi mtu yeyote. Ndiyo maana naviamini kuliko ruzuku, ingawa ruzuku ile naililia.

Baada ya kufumua, shona

Ukiwauliza wanawake wa Pwani walipata wapi mtaji wao wa kwanza, wengi watakutajia chama. Desturi hiyo ya kuchangizana ina ndugu mbali. Mwaka 1903, Richmond, Virginia, Maggie Lena Walker, binti wa mfua nguo aliyewahi kuwa mtumwa, alifungua benki ya St. Luke Penny Savings kwa senti za watu weusi ambao benki za mji hazikuwataka. Aliwaweka wanawake kwenye bodi, wakati wanawake wengi wa nchi yake hawakuwa na kura. Kenya nayo, Kenya Women Finance Trust ilianzishwa 1981 na wanawake.

Lakini chama kisifanywe kisingizio. Mwenye kisanduku asiseme hawa wana namna yao ya kusaidiana. Shilingi mia mbili za kila Jumamosi hazinunui cherehani sita za umeme, na mtu anayejua kuchanga hastahili kuachiwa mchango peke yake. Walker alipokaa kwenye kiti cha mkuu wa benki, alibadilisha maana ya dhamana, kwa kuwa alijua senti ya mfua nguo hurudi. Jambo ninalotaka ulichukue katika mwongozo huu wote ni hilo. Anayekaa kwenye kiti ndiye huamua nini kihesabiwe: hati au daftari, maono au hofu, uzoefu wa chuo au uzoefu wa mtaa. Usawa katika uongozi na usawa katika mtaji ni kitambaa kimoja.

Fundi alirudi kuomba, safari hii kwa mkopeshaji mwingine, na orodha yake ya mashine na oda. Hakuambiwa asubiri barua. Aliambiwa, "Mama, nitakuja." Siku ya Alhamisi akaja afisa mikopo, mwanamke wa makamo. Alihesabu cherehani, akaandika namba zake. Alifungua daftari, akalisoma kutoka nyuma kuja mbele, akauliza juu ya mwezi mmoja ambao mauzo yalishuka. Fundi akamwambia ule ndio mwezi aliofiwa. Afisa akatikisa kichwa, hakuandika kitu.

Katika mazungumzo ikatoka kwamba mama yake afisa huyo alikuwa fundi cherehani kule Voi, na kwamba yeye alisomeshwa kwa sare za watoto wengine. Aliidhinisha mashine nne kati ya sita. Lakini kabla ya kuandika tarakimu hiyo, alichukua sare moja kwenye rundo lililokuwa tayari kwenda shuleni, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole.